Falsafa Kando ya Cherehani

Likizo ya mwisho kabla ya Uhuru nilirudi Mwanza nikiwa sishikiki. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja wa falsafa katika chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa, Uganda, na kichwa kilikuwa kinanichemka. Nilimwamkia mama, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba nikawa nimeshamweleza nusu ya mhadhara. Mama aliniuliza kama kule tulikuwa tunakula.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Yeye hakuuliza habari za chakula. Alitoa barua mfukoni, akanipa nisome. Wazungu walikuwa wameanza kufunga mizigo, na bomani walitafuta vijana waliosoma washike kazi zao. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya ukarani. Jibu lilitakiwa Alhamisi, siku ile ile ya meli yangu.

"Daktari namjua, mwanasheria namjua," baba alisema. "Huyu wa falsafa simjui. Nieleze unachosoma, kwa Kiswahili, neno la Kiingereza lisiingie. Nikielewa, utapanda meli. Nisipoelewa, utakwenda bomani."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilikuwa na kiburi cha mwaka wa kwanza, ambacho hakina dawa. Jumatatu asubuhi nilivuta kigoda kando ya cherehani, nikaanza na mhadhara nilioupenda kuliko yote.

"Baba, sisi tunajiuliza, kuwa ni nini."

"Kuwa nini?"

"Kuwa tu."

"Mtu hawi tu. Anakuwa fundi, anakuwa mgonjwa. Kuwa nini?"

Nikageuza. "Basi tuseme kuwepo."

"Kuwepo wapi?"

Kwa Kiingereza kitu kiliweza kuwa, basi, bila kuwa chochote wala kuwa popote, na mwaka mzima sikuona ajabu. Kumbe lugha yangu mwenyewe ilitaka nitaje mahali. Yupo, yuko, yumo: maneno niliyoyasema tangu utotoni, na hakuna siku niliyosimama kuyatazama. Nywele zilinisimama kwa raha. Baba aliona tu kwamba nimeshindwa, akaendelea kushona.

Jumanne nilijaribu tena, nikaangukia pale pale.

Jumatano alikuja mkulima wa pamba kutoka Igoma, na baiskeli yake, kuchukua bendera ndogo alizoagiza kwa sherehe za kijijini kwao. Zilikuwa hazijakamilika. Alisema si neno, atangoja. "Nchi yenyewe tumeingoja miaka yote hii, fundi. Desemba itakuwepo."

Mguu wa baba ulisimama kwenye cherehani. "Kwani sasa haipo?"

"Haipo. Ni ya Waingereza."

"Kama ni ya Waingereza, basi ipo. Kisichokuwepo hakiwezi kuwa cha mtu."

Mkulima alikuna kichwa. "Ardhi ipo. Nchi haijawa."

"Haijawa nini?"

"Haijawa," alisema mkulima, kama mtu aliyemaliza.

Nilijikuta nimesimama, kigoda kimepinduka. Yule bwana hakuwahi kukanyaga darasa, naye alikuwa amelisema kwa neno moja lile nililohangaika nalo siku mbili. Baba alitutazama mmoja mmoja, akadhani tumepanga. Mama, aliyekuwa ametuletea chai, alisema mtoto akiwa tumboni yumo, ila bado hajawa wa kuitwa jina. Mkulima alimuunga mkono. Baba alikataa katakata, akataka kujua huyo anayepiga mateke humo ndani ni nani basi. Walibishana mpaka adhana ya alasiri, chai ikapoa, na mimi nilikuwa na furaha kiasi cha kusahau kwamba kesho yake ni Alhamisi.

Asubuhi baba alivaa kanzu safi. Alinikuta nakunja shati.

"Sijaelewa," alisema.

Niliiona meza ya bomani, na kalamu, na mimi nyuma yake mpaka uzeeni. Sikubisha, maana ahadi ilikuwa ahadi.

Baba aliinama akashika sanduku langu. "Jana nimeshona mkono wa shati mahali pa kola. Kama nchi ipo, tunangoja nini? Kama haipo, mimi nashona bendera ya nani? Siwezi kukaa hivi, na wewe ndiye uliyeyaleta. Nenda ukamalize, urudi unieleze."

Bandarini, karani wa tiketi alikuwa kijana wa rika langu, suruali imenyooshwa vizuri. Alimwamkia baba kwa heshima, akamuuliza mwanawe anakwenda kusomea nini huko ng'ambo.

Nilivuta pumzi nijibu. Baba aliniwahi.

"Anakwenda kutuulizia kama tupo."