Mafuta ya Seli na Tonton Asiyeelewa

Mimi ni mtu wa nyumba. Wageni hutoka mbali kuja kuwaona wavuvi wa Wagenia kwenye maporomoko ya mto wetu. Mimi niliyezaliwa Kisangani nawaona kwenye kalenda ya ukutani. Nashona sare za shule barazani, na wateja hunifuata, maana wameshajua kwamba mimi sitawafuata.

Kabla mpwa wangu hajaja kukaa kwangu, nilikuwa nimefika mahali pa kuiambia cherehani "pole" uzi ukikatika. Yeye ni binti wa dada yangu wa Yanonge, alikuja kusoma biolojia chuo kikuu, na nyumba ikapata mtu wa kuniita tonton, yaani mjomba, na wa kunicheka.

Kazi yake ya mwisho ilihusu viumbe vya seli moja, wale wadudu wasioonekana wa maji ya mtoni, na hasa tando zilizo ndani ya miili yao: zimejengwa kwa mafuta gani, na zina vimeng'enya gani. Kabla ya kuitetea mbele ya maprofesa, alitaka kunieleza mimi kwanza. Nina diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, ya biolojia na kemia, ambayo nimeitunza vizuri sana, yaani sijaigusa.

"Tonton, ukielewa weye, jury yote itaelewa," alisema.

Basi kila alasiri alisimama mbele ya kabati, nami nikaketi badala ya maprofesa, nimevaa koti langu la harusi, kwa sababu jury bila koti si jury. Akaeleza. Seli ina ngozi ya nje, lakini ndani pia kuna tando zilizokunjamana kama vitambaa kwenye kapu la fundi, na mafuta yake si yale ya nje. Maji yakipoa, mafuta yenye mikia iliyonyooka hujipanga kama kuni zilizofungwa vizuri, utando ukawa mgumu. Hapo kimeng'enya kinachokaa kwenye tando za ndani huanza kuipinda mikia ile. Kuni zilizopinda hazibanani, huacha nafasi. Utando hubaki laini na mdudu anaendelea kuishi.

Nilielewa mapema. Shida ni kwamba akishatetea angeondoka kwenda Kinshasa, kwenye maabara yenye mashine ya kuzungusha seli zilizovunjwa mpaka tando za ndani zijitenge. Kwetu mashine hiyo hakuna. Kila "nimeelewa" ingekuwa kama kumkatia tiketi. Nikaamua kuwa mjinga, kazi ambayo nilikuwa na kipaji nayo.

"Samahani, mademoiselle. Hao wadudu wanakula mawese?"

"Hapana, tonton. Mafuta wanatengeneza yao wenyewe. Bon, narudilia."

Akarudilia. Pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaungua jikoni, na mimi nikaila kwa furaha.

Asubuhi moja ya mvua akaja mama jirani, anayekaanga mikate, ameshika chupa ya mawese.

"Papa, angalia. Yule mama wa njia ya Bengamisa ameniibia. Ametia kitu ndani, mafuta imekuwa kama sabuni."

Alikuwa ameshakaza kitenge kiunoni, tayari kwa vita sokoni. Sikuweza kunyamaza.

"Hapana, mama, usimuonee. Mawese iko na mikia mingi ya kunyooka. Baridi ikipiga inajipanga, inaganda. Ya karanga iko na mikia ya kupinda, ndiyo maana haigandi. Ndani ya chupa hakuna wa kuipinda. Mdudu wa mtoni yeye angepinda mafuta ya tando za ndani kwanza, halafu hayo mapya yapelekwe mpaka ngozi ya nje. Weye weka tu chupa karibu na makaa ya mbabula."

Mama akanitazama kwa huruma. "Papa, umelala vizuri?" Akaenda na chupa yake.

Nyuma yangu, mlangoni, mpwa wangu alikuwa amesimama na kikombe cha chai.

"Za ndani kwanza, halafu ya nje," alisema polepole. "Kumbe."

"Nimebahatisha."

"Tonton."

Nikakanyaga cherehani. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Akaketi juu ya furushi la sare.

"Nikienda, utakula nini?"

"Nitakula. Nilikuwa nakula kabla yako."

"Mikate ya jirani na chai."

"Si ni chakula?"

Akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Siku hiyo hatukufanya mazoezi.

Siku ya kutetea nilivaa koti, nikapanda toleka, nimemng'ang'ania mwenye baiskeli mpaka akaniomba nimwache apumue. Maprofesa waliuliza maswali magumu kuliko yangu, na hakuna aliyeomba kurudiliwa. Muda si mrefu, mpwa wangu akaondoka kwenda Kinshasa.

Sasa yuko kwenye maabara ile, na mara mojamoja ananitumia ujumbe wa sauti. Juzi sauti yake ilikuwa na furaha: amepata kwenye tando zake mafuta ambayo fosforasi yake imeshikana moja kwa moja na kaboni, ndiyo maana vimeng'enya vya kawaida haviwezi kuyakata. Akaendelea hivyo kwa haraka, akataja majina ambayo diploma yangu haikuwahi kukutana nayo. Nikamjibu ukweli mtupu.

"Sijaelewa. Rudilia."

Jibu lilikuja na kicheko, nyuma yake mashine inanguruma.

"Tonton, nakujua weye. Michezo hiyo nimeiacha Kisangani. Alors, wananiita."

Nikaweka simu juu ya cherehani, nikausikiliza tena ule ujumbe wa fosforasi tangu mwanzo, nikitafuta mahali nilipopotea.