Nguzo ya Kilimani Pugu

Juzi bombani Temeke, mke wa karani mmoja alitusimulia kwamba kila Jumapili mumewe hupanda vilima kutazama nguzo za saruji walizosimika wapima ardhi. Mazoea hayo ameyapata kwa Mzungu wa ofisini kwake.

"Nguzo hiyo inavaa kanga, shoga?" mmoja alimchokoza.

"Nami nilidhani hivyo, nikamfuata hadi Pugu. Kumbe ni nguzo kweli! Anaifuta vumbi kwa leso niliyoipiga pasi mie, halafu anaiegemea, upepo unampuliza. Mie nikitoka jasho jikoni hanifuti."

"Ukamfanyaje?"

"Nimemwambia Jumapili hii abaki na watoto, naenda mie."

Wenzangu walimcheka kwa kuionea wivu saruji. Mimi nilijitwisha debe polepole, nibaki nyuma nimuulize njia.