Walimsimamisha Dada Peke Yake

Kwetu Njombe, upande wa Lupembe, mtu hatengwi kanisani kwa uzinzi mpaka tumbo lionekane. Ndiyo maana tangu nizaliwe sijamwona mwanaume aliyetengwa kwa kosa hilo. Sisi hatuna tumbo. Tuna suruali na vitabu vya nyimbo, basi.

Dada yangu alitengwa akiwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya mtaa wetu, na si kwamba namsifia kwa sababu ni wa kwetu. Alipokuwa anachuma chai, watu wa mistari mingine walikuwa wananyamaza wamsikilize. Mwinjilisti akamwambia avue sare ya kwaya, asikaribie meza ya Bwana, na akae benchi la nyuma karibu na mlango, pale upepo unapoingilia.

Yule aliyempa mimba alikuwa anaimba besi kwenye kwaya hiyohiyo. Kijiji kizima kilijua. Msimu mzima alikuwa anambebea dada kapu la chai mpaka kwenye banda la kupimia, mwanaume ambaye kwao hajawahi kumbebea mama yake hata kuni. Hakukana. Hakuna aliyemuuliza, angekana nini? Akaendelea kuimba besi.

Mimi wakati huo nilikuwa tayari niko Makambako, napakia mbao kwenye malori. Niliishia kidato cha pili, lakini nina mipango yangu. Nitajenga gesti yenye maji ya moto kila chumba, madereva wa Zambia wakishuka wasikie wamefika. Wenzangu wananiita Meneja. "Meneja, shika huo ubao, wageni wako wanasubiri chai!" Nacheka nao. Sikuwa mtu wa hasira. Hasira nimejifunza kanisani.

Utaratibu wetu uko hivi. Mtoto wa mama aliyetengwa habatizwi mpaka mama arudi kundini, kana kwamba na yeye alikuwepo siku ile. Kurudi kundini ni kusimama mbele ya watu siku mchungaji anapokuja, na kwenye mtaa wetu mdogo haji kila Jumapili. Mzee wa kanisa anasoma kosa, mama anakiri, anaombewa, halafu mtoto anabatizwa.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu, dada akakubali kusimama. Jumamosi nikafika nyumbani, nikamkuta anapiga pasi gauni.

"Na yule mwenzako atasimama?" nikamuuliza.

"Wewe nawe. Nataka mtoto abatizwe, mengine sina haja nayo."

"Lakini dada, hiyo siyo haki."

"Mdogo wangu, haki utaijenga huko Makambako kwenye gesti yako. Kesho funga mdomo. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Kesho yake mzee wa kanisa akasoma. Alisoma jina la dada na la ukoo, akasoma "amezaa nje ya ndoa" kwa sauti ile anayotumia kutangaza ng'ombe aliyepotea. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, mtoto yuko mgongoni kwa bibi yetu. Nikamkumbuka yule mwanamke wa Injili waliyemkokota peke yake, kana kwamba alizini na upepo. Nikawaza, miaka yote hii tunahubiriwa habari zake, tunatikisa vichwa, halafu tunafanya vilevile na kwaya inaimba.

Mzee akauliza, kama desturi, "Kuna mwenye neno?" Hilo swali huwa halijibiwi. Mimi nikasimama.

"Mimi ninalo. Huyu mtoto ana baba, na baba yake yuko hapahapa, amevaa sare. Mbona hasomwi?"

Vichwa vikageukia kwaya. Mtu mmoja wa besi akaanza kufungua kitabu cha nyimbo, anatafuta wimbo ambao hakuna aliyeutaja.

Mzee akasema, "Kijana, kaa chini. Huyo si wa kwenye orodha."

"Orodha ameandika nani, mzee wangu? Malaika?"

Baadhi ya akina mama wakacheka, wakaziba midomo na kanga. Mchungaji akainua mkono, akasema jambo hili lirudi kwanza kwenye baraza la wazee, na ubatizo wa mtoto usubiri mpaka atakapokuja tena. Basi. Ndicho nilichopata kwa ushujaa wangu.

Nje ya kanisa dada hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza taratibu, "Ulisimama kwa ajili yangu au kwa ajili ya mdomo wako?" Mpaka leo nikilitafuta jibu silipati lote.

Ukaja mwezi wa saba. Anayeijua Njombe anaujua mwezi wa saba. Ukungu unakaa mpaka karibu saa sita, na majani ya chai asubuhi yanauma vidole. Mtoto akapata kikohozi, kikashuka kifuani. Jumapili asubuhi nilikuwepo. Alikuwa anavuta pumzi hadi mbavu zinaingia ndani, kucha zimeanza kubadilika rangi. Nilikuwa nimeshampigia dereva wa lori la majani ya chai aje atupeleke hospitali, naye alikuwa bado njiani na tope lile.

Bibi yetu, ambaye tangu utotoni ananiita mume wangu, akaniambia, "Mume wangu, lete maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kubatiza. Changanya na ya moto kidogo, Mungu hajasema yawe ya baridi."

Dada akashtuka. "Bibi, mchungaji hayupo."

"Na Mungu naye hayupo? Kwenye kipaimara tulifundishwa, mtoto akiwa hatarini Mkristo yeyote anabatiza. Sikufundishwa kwamba akamuulize kwanza mzee wa kanisa."

Nikaleta maji kwenye bakuli la uji. Bibi akavua kilemba chake, akamimina mara tatu kwenye kile kichwa kidogo, akamtaja jina lake, akambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Dada alikuwa analia huku anamfuta mtoto kwa ukingo wa kanga. Mimi niliitikia Amina kwa nguvu, mtoto akashtuka. Lori likapiga honi njiani, tukakimbia.

Alipona. Alilala hospitali wiki nzima na mipira puani, akarudi ana njaa kama mpakia mbao.

Wazee wawili wa kanisa wakatufuata nyumbani, wakasalimia. "Kamwene, bibi. Tumesikia umebatiza. Nani amekupa ruhusa?"

"Kamwene. Keti kwanza, wewe nimekubeba mgongoni. Ruhusa alinipa aliyekuwa anaishiwa pumzi."

Wakasema huo si ubatizo, mtoto atabatizwa upya mama akishatubu. Nilitaka kujibu, lakini safari hii nilifunga mdomo. Nilikuwa nimejifunza.

Mchungaji alipokuja alimwita bibi mbele ya wazee wote. Akamuuliza ametumia nini. "Maji." Akamuuliza amesema nini. Bibi akarudia maneno, neno kwa neno. Mchungaji akavuta daftari la ubatizo, akaandika jina la mtoto, akasema, "Amebatizwa. Ubatizo ni mmoja, haurudiwi."

Mzee akauliza, "Na mama yake?"

"Mama yake bado," akasema mchungaji, bila kuinua macho.

Bado! Mtoto ni wa Mungu, aliyemzaa bado. Kwenye ibada ya siku hiyo mtoto alitambulishwa mbele ya usharika, watu wakapiga makofi, kisha dada akarudi naye benchi la nyuma, sisi wengine tukapanga mstari kwenda mezani. Besi yetu alikuwa watu watatu mbele yangu. Nilitoka kwenye mstari nikaenda kukaa na dada. Si kwa ubishi. Mkate ule usingeshuka.

Baada ya ibada mchungaji alisimama mlangoni kushikana mikono na watu. Akamwambia dada, kwa upole kabisa, "Tunakusubiri, mama."

Walikuwa na kitu kimoja tu cha kumshikia dada, ubatizo wa mtoto, na hicho bibi alishakimwagia maji. Dada akamtazama usoni. "Na mimi namsubiri mwenzangu, baba mchungaji. Siku akija kusimama, tutasimama wawili."

Hapo nje mnada wa kuuza sadaka za kuku na mazao ulikuwa umeanza. Baba wa mtoto alikuwa ameshika jogoo kwa miguu, anamwinua juu, anawachekesha watu. Mchungaji aliacha kushika mikono. Akageuka akamwangalia, akamwangalia kwa muda mrefu, mpaka yule bwana akamshusha jogoo.