Aliyenifunga Mbeleko Kwenye Ukungu

Kwanza tuelewane. Mimi si mtu wa kuona vitu. Ni fundi magari wa Tanga mjini, na gari likilia sehemu natafuta mpaka nishike kwa mkono kinacholia. Sinywi, sivuti, na wakati wenyewe ulikuwa alasiri, si usiku. Kwa hiyo kama una kicheko, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na hapa ninapokusimulia bado yananikuta.

Tulikwenda Lushoto kupumzika. Watu wa bara wakipata likizo wanakimbilia baharini. Sisi bahari tunayo mlangoni, tunanusa samaki mwaka mzima, tukasema safari hii twende tukaonje baridi. Tulikuwa mimi, mke wangu na binti yetu Nasra, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Tukapata nyumba ya wageni juu kidogo ya mji, ina kibaraza, ina chai ya tangawizi asubuhi. Wallahi nilikuwa sijawahi kupumzika namna ile. Nasra tulimnunulia sweta la mtumba lililomfika magotini na buti za mvua, akawa anatembea uani kama mwenye nyumba. Anakula matunda ya plamsi mpaka kidevu chote chekundu. Ukungu ukishuka asubuhi anaunyooshea kidole na kupiga kelele, "Moto! Moto!", maana yeye alijua ni moshi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku moja baada ya chakula cha mchana mke wangu kichwa kikamgonga, akataka kulala.

"Baba Nasra, mchukue mwanao mkatembee, nami nipumue," akaniambia, huku ananipa kanga. "Akichoka mfunge mgongoni."

"Mimi? Mwanaume mzima nizunguke Lushoto na mbeleko? Unataka nichekwe?"

"Haya, mbebe unavyojua wewe," akasema, akajifunika blanketi.

Kanga nikaiacha kitini. Nasra nikamweka mabegani, tukashika njia inayopanda katikati ya kabichi na maharage mpaka msitu unapoanzia. Juu kule kuna mwamba, ukisimama unaiona tambarare yote ya chini, mashamba ya mkonge, barabara, kila kitu. Tulikaa hapo tukala biskuti. Nasra akawa anawaita ng'ombe ambao hata hawaonekani, "Njoo, ng'ombe! Njoo!" Sikufichi, nilikuwa na raha. Ndiyo maana sikutazama nyuma, msitu unafanya nini.

Kugeuka turudi, ukungu huu hapa. Wanaoujua ukungu wa Usambara wanaelewa nasema nini. Ukinyoosha mkono huoni vidole. Manyunyu yakaanza, udongo ukawa utelezi mtupu. Mabegani hapafai tena, nikamshusha nikampakata kifuani. Sasa mtoto mwenye usingizi, jamani, na mvua, na njia inashuka! Niliteleza nikapiga goti. Nikainuka, nikateleza tena, safari hii Nasra akaniponyoka kabisa, nikamdaka mguu, na pembeni pale ni bonde. Alilia kwa hofu, na mimi nusura nilie.

Hapo ndipo nikasikia, "Onga mshi." Ndiyo salamu ya mchana ya Washambaa, mwenye nyumba ya wageni alishatufundisha. Nikaitikia kabla sijamwona aliyenisalimia. Alikuwa mwanamke wa umri wa mke wangu, peku, amesimama kwenye ukingo wa njia. Mgongoni ana mtoto, kamfunika gubigubi mpaka kichwa. Nikaona sawa, ni mvua. Mtoto yule hakujitikisa hata kidogo, nikasema moyoni, mwenzangu kabahatika, wake analala.

"Huyo utamwangusha," akaniambia. "Mfunge mgongoni."

"Sina mbeleko, dada yangu."

"Nitakufunga kwa yangu. Chuchumaa."

Niambie, wewe ungekataa? Mtu kakukuta unahangaika na mwanao porini, kakuonea huruma, na ukungu wenyewe mzito, wa kunicheka atanionea wapi? Nikachuchumaa, nikampa mgongo. Nasra akanilalia. Nguo ikapita kifuani kwangu, nzito, imelowa, baridi yake ikaniingia mpaka mfupani. Akavuta. Akavuta tena, nikashangaa nguvu zile mwanamke kazitoa wapi. Kisha akafunga fundo, na fundo akalifungia nyuma, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nasra aliyekuwa analia akanyamaza ghafla, akasema kwa furaha, "Mtoto!"

Nikadhani kamwona mtoto wa yule dada.

"Usiiname mpaka ufike," yule mwanamke akasema.

Niliinuka kwa shida. Mwanangu nambeba kila siku, uzito wake naujua. Nikajipa jibu kwamba ni nguo iliyolowa. Nikageuka nimshukuru, nikamwona ameshanipa kisogo anapanda kuelekea msituni, haraka haraka, kama mtu aliyetua mzigo. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Niamini, niliona kwa macho yangu, na bado nikajiambia atakuwa kamhamishia kifuani.

Nikashuka. Cha ajabu miguu haikuteleza tena hata mara moja. Lakini uzito ule! Jasho linanitoka kwenye baridi ile. Nikamsikia Nasra anasema kwa hasira, vile anavyosema kitandani akibanwa, "Sogea huko!"

"Nani asogee, mama?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

Hakunijibu mimi. Akaanza kucheka na kunong'ona. Katikati ya mnong'ono wake nikasikia pumzi ya pili shingoni kwangu, upande wa kushoto. Nasra alikuwa ameegemea kulia. Pumzi ile haikuwa na joto. Nikaanza kusoma kila nilichowahi kufundishwa madrasa, naruka maneno, narudia, sijui naanzia wapi.

Nilipozifikia nyumba za kwanza nikawakuta kina mama wanamenya viazi chini ya paa la bati. Nikajiandaa kuchekwa, na kwa kweli siku hiyo ningefurahi kuchekwa. Hakucheka mtu. Mmoja aliziba mdomo kwa kanga. Wengine wakasimama, viazi vikabiringika. Katikati yao alikuwa bibi mzee, mkubwa kuliko wote.

"Shikamoo, bibi."

Milimani kule shikamoo hairukwi, hata watu waliogombana wataitikiana kwanza ndiyo waendelee kugombana. Bibi yule hakuitikia. Aliniangalia nyuma ya bega, akauliza, "Nani kakufunga hiyo nguo?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamwambia mama mmoja kitu kwa Kishambaa. Yule mama akaja kwa woga, akamshika Nasra makwapa, akamvuta juu na kumchomoa bila kugusa fundo. Sasa sikiliza. Mwanangu yuko mikononi mwa yule mama, mbele yangu, ananiangalia. Na mgongoni uzito uko vilevile. Nguo imenibana kifuani vilevile.

"Kuna nini mgongoni kwangu?" nikauliza. Nilipiga kelele, sikuuliza.

"Usiiname," bibi akasema. "Yule alikuwa jirani yetu. Mwanawe wa kiume aliugua, akamfunga mgongoni ashuke naye hospitali, ukungu kama huu. Mtoto akamfia njiani, hajui, anatembea anambembeleza. Kufika, wauguzi wakamwambia. Akakataa kumfungua. Akageuka naye, akapanda mlima, basi, hatukumwona tena akiwa hai. Akikutana na mtu mwenye mtoto humpa mwanawe amteremshe. Sisi wa hapa hatumpi mgongo."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudi naye juu sasa hivi, ukungu haujainuka. Simama palepale, mwambie mama yake aje amfungue mwenyewe."

Nirudi? Nimwache mwanangu kwa watu nisiowajua, amelowa, midomo imebadilika rangi, anatetemeka na kuniita baba, nipande peke yangu msituni na kitu hicho? Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua atakwambia. Kulikuwa na kisu kwenye beseni la viazi. Bibi akasema, "Usi..." na mimi nimeshapitisha kisu kifuani. Nguo ikaanguka matopeni. Ilikuwa kitambaa tu, hakuna kitu ndani.

Uzito haukuanguka nayo.

Bibi akakaa chini palepale kwenye maganda. Alilia, mzee wa watu, akinililia mimi asiyenijua. "Nguo aliyoifunga mama yake umeikata," akasema. "Sasa anakushika mwenyewe kwa mikono. Mbebe, baba. Mbebe tu. Usimshushe. Huyu hajawahi kuwa na mwenzake, na binti yako kampisha nafasi. Siku akishuka ataondoka naye."

Kesho yake tulirudi Tanga. Utasema ni maneno ya mzee, mtu ameogopa, kajitia uzito mwenyewe. Hata mimi nilitaka iwe hivyo. Nikapigwa eksirei hospitali, mgongo mzima hauna kasoro. Nikasomewa dua. Nikapelekwa kwa mganga Muheza ambaye aliniona mlangoni akasema nisiingie. Lushoto nimerudi mara nyingi, nasubiri ukungu, napanda njia ileile, nachuchumaa kwenye udongo ule na kuita mpaka sauti inakauka. Hajatokea. Kwa nini atokee? Alichokitaka alishakipata.

Basi siku moja gereji, ndiyo nikaamini kabisa. Spana iliniponyoka, nikainama kuiokota bila kufikiri. Nikasikia mikono midogo inalegea shingoni, kitu kikateremka taratibu mgongoni, kisigino kikanigusa paja. Nasra alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa pale kivulini. Akainuka, akanyoosha mkono wake pembeni vile mtoto anavyoshikwa mkono na mwenzake, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Hageuki, hasikii. Malori yanapita. Nilinyooka kwa nguvu mpaka nikaona nyota, na kile kitu kikarudi juu kwa kasi kikaning'ang'ania. Nasra akaanguka kama aliyeachiwa mkono ghafla, hatua chache tu kutoka kwenye lami. Akalia, akaniuliza kwa nini nimemnyang'anya mwenzake.

Tangu siku hiyo siinami. Kazi ya kuingia uvunguni nimewaachia vijana, mimi nasimama nasikiliza injini na kuwaelekeza. Viatu ananivisha mke wangu. Msikitini naswali kwenye kiti pamoja na wazee, na sina hata mvi. Watu wanaulizana nina ugonjwa gani. Sijasujudu miaka yote hii, na hilo linaniuma kuliko mnavyodhani. Mke wangu alikuwa ananilaumu mwanzoni, tukagombana sana. Siku hizi usiku hulala ananiangalia tu ninavyosinzia nimeketi wima. Na Nasra, binti yangu wa pekee, akitaka nimkumbatie anapanda kwanza juu ya stuli. Ameshazoea. Anadhani baba wote wako hivyo.

Kwa hiyo nakwambia wewe mwenye mtoto mdogo unayepanda kule kupunga hewa. Ni kuzuri, nenda, sikukatazi. Lakini ukungu ukikukuta na mwanao akakuelemea, keti. Keti kwenye matope, mkumbatie kifuani, mnyeshewe, mlie wote wawili mpaka upite. Akija mtu wa kukusaidia, mwitikie salamu yake, mshukuru, na usimpe mgongo. Mtoto mshike kwa mbele, mahali macho yako yanafika.

Mimi nilikuwa najiambia nitavumilia. Uzito unaongezeka, ndiyo, vile mtoto anavyokua, lakini mgongo ninao, na maadamu nasimama wima hashuki. Nilijiambia hivyo miaka. Nasra sasa yuko darasa la pili. Juzi alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu anaandika kazi ya shule, mimi nimesimama dirishani. Akainua kichwa, akaniangalia kwa muda.

"Baba," akasema, "mwaka jana miguu yake ilikuwa inakufika mapajani. Sasa imepita magoti."

Na mimi si mtu mrefu.