Pamba ya Sista

Nilikuwa mwalimu wa chekechea kijijini Samuye, miaka ya sabini, nilipojiaibisha mbele ya watoto wangu. Sista mmoja mzungu alituletea kitabu cha picha chenye maneno ya lugha ya kwao. Nilikipokea kwa mikono miwili nikaahidi kuwasomea watoto kila asubuhi. Kukiri kwamba lugha hiyo siijui kulinishinda.

Basi nikawa napitisha kidole chini ya maneno huku nikisoma niliyoyatunga mwenyewe. Kila ukurasa ulijaa weupe, ardhini hadi juu ya mapaa, nami mtoto wa mkulima nikaona mavuno ya pamba. Kabula, binti wa miaka sita asiyechoka kuuliza, akataka kujua kwa nini wavunaji wamevaa makoti mazito.

"Wana malaria," nikamjibu. "Lakini wanavuna hivyo hivyo."

Baada ya mwezi Sista alirudi, akaketi mkekani na watoto. Kabula akamwamkia, kisha akamwonyesha kitabu. "Sista, pamba yote hii mnaiuza wapi?"

Sista akashangaa. "Hii si pamba, mwanangu. Ni theluji, maji yaliyoganda kwa baridi. Mwalimu hakuwasomea?"

"Anatusomea kila siku," Kabula akanitetea. "Anafuata na kidole."

Darasa zima likanigeukia. Kabula akanisogelea, akaninong'oneza kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Usione haya, Mwalimu. Baba naye hajui kusoma. Anakwenda darasa la watu wazima, nitamwambia mwende wote."