Sisimizi wa Bafuni

Kabla sijasema lolote kuhusu sukari, mnijue kwanza. Mimi ni Mama Maro wa Idsowe, na ni mtu wa kushuku. Sikufundishwa na ugonjwa, nilizaliwa hivyo. Hata hili benchi mlilonikalisha nimelitikisa kwanza, na wengine mmeniona.

Muuguzi wa kliniki hii ameniomba niwaeleze nilivyougua na nilivyoinuka. Nitaeleza yote, hata ya aibu, maana ya aibu ndiyo yaliyokaribia kuniua.

Zamani nilikuwa na nguvu zangu. Shamba langu liko ng'ambo ya mto, mpunga na ndizi na mahindi kidogo. Asubuhi natia jembe mtumbwini, nashika upondo, navuka peke yangu, na hakuna wa kuniuliza narudi saa ngapi. Mume wangu alipofariki watu walidhani nitaacha. Sikuacha. Kuvuka ule mto peke yangu ndio uliokuwa uhuru wangu, sikuwa na mwingine.

Kisha mafuriko yakaja, yakang'oa mstari wa migomba uliokuwa mpaka kati ya shamba langu na la wifi yangu Rehema, dada ya marehemu. Maji yalipokauka, pote ni tope moja. Mimi mpaka nilikuwa naujua. Miaka mingi nyuma niliupima kwa siri, hatua arobaini kutoka kisiki cha mkuyu kilicho shambani mwangu. Lakini nilinyamaza nione yeye atasema nini. Akasema, "Wifi, tulime tu, migomba tutapanda tena." Maneno mazuri. Nikajiuliza, mbona hana haraka ya mpaka? Asiye na haraka ya mpaka huyo anataka shamba lote.

Kwa hiyo nilipoanza kuugua, jibu nilikuwa nalo tayari.

Kwanza ilikuwa kiu. Namaliza kopo zima la maji na ulimi bado mkavu. Kisha mkojo, kila saa mkojo. Nikivuka mto, nafika katikati kibofu kinanibana, na kwenye mto wenye mamba utachutama wapi? Mara mbili nilijikojolea mtumbwini, mimi mtu mzima, nikajifanya nimelowa maji ya mto. Mwili ukaisha, leso ikawa inanizunguka mara mbili. Macho yakaingia ukungu. Mwisho nikawa sivuki tena bila mtu wa kunivusha.

Halafu wakaja sisimizi. Bafu letu la makuti liko nyuma ya nyumba, na Rehema hulitumia pia maana boma ni moja. Asubuhi moja nikawakuta wamejaa pale pale ninapochutama. Nikawamwagia maji ya moto. Kesho yake wamerudi. Nikahamia pembe nyingine, nao wakahamia. Hapo nikaapa kwamba kuna dawa imemwagwa. Kwa nini wanifuate mimi? Mbona anapokojoa Rehema hawaendi?

Tangu nilipoolewa tulikuwa tukipika kwa zamu, leo yeye, kesho mimi. Nikaacha kula chungu chake. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Nikawa natia mdomoni kile tu ambacho mkono wa mtu haujakigusa. Soda, kwa sababu kizibo kimefungwa kiwandani na kinafunguliwa mbele ya macho yangu. Maembe ya mti wangu, niliyoyachuma na kuyamenya mwenyewe. Chai ya sukari niliyoifungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni. Soda tatu kwa siku, nne kukiwa na joto, na kwetu joto halikosi. Kiu ilizidi, nami nikazidi kunywa. Nikajisifu moyoni, wataniwezea wapi!

Cheka tu, dada wa mbele. Mimi sikucheka.

Asubuhi moja niko jikoni nachochea moto, nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikageuka nione ni nani anachoma nyama saa hizo. Ulikuwa mguu wangu. Nimekanyaga kaa la moto, limenata chini ya kidole cha mwisho, na sisikii kitu. Hakuna maumivu kabisa. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Lakini nilifikiri uchawi umefika miguuni, nikafunga kitambaa na sikumwambia mtu. Siku ya tano usaha ulikuwa unatoka wa kijani, mguu umevimba hadi gotini, harufu yake hata mimi ilinishinda. Nikaanguka uani.

Nilipofumbua macho, aliyenishika alikuwa Rehema.

"Niache," nikamwambia. "Kazi yako imekwisha."

"Kazi gani, wifi? Harufu hii naisikia tangu juzi na ukiulizwa unanuna. Nyamaza, panda pikipiki."

Tulikwenda Garsen, dereva mbele, mimi katikati, Rehema nyuma amenikumbatia. Njia nzima nilikuwa nangoja anisukume.

Hospitalini daktari alinitoboa kidole, akatazama kile kimashine chake, akauliza habari za kiu na mkojo. Kisha akasema, "Mama, unapokojoa, sisimizi huwa wanakuja?"

Nikamgeukia Rehema. "Umemwambia!"

"Nimwambie nini? Mkojo wako mimi naujulia wapi?"

"Hakuna aliyeniambia," daktari akasema. "Sukari imejaa kwenye damu mpaka inatoka kwa mkojo, na sisimizi wanafuata sukari. Hebu niambie, unakunywa nini?"

"Soda. Kwa usalama."

Akaacha kuandika. "Usalama wa nini?"

Mkono wangu ukaenda shingoni. Rehema alinitazama, akautazama ule ufunguo shingoni mwangu, akaelewa. Akatoka nje. Kidonda changu hakikuwa kinaniuma, lakini lile liliniuma.

Daktari akasema kidole hakitapona, na kikiachwa kitauchukua mguu. Nilikataa. Nilimuuliza vidole vya watu mnavipeleka wapi. Akaniuliza mimi nafanya kazi gani, nikamwambia navuka mto. Akasema, "Basi chagua, kidole kimoja au mtumbwi." Nikakitoa.

Nyumbani nilirudi na vidonge na maagizo, na yote niliyashuku. Chai bila sukari? Ugali nusu ya niliouzoea, mboga ijae sahani? Soda hapana, embe kipande tu? Nilisema hii njama, wanataka nife kwa njaa. Lakini niliamua kumshuku daktari kwa ushahidi. Kila asubuhi nameza dawa, nakunywa ile chai chungu, kisha naenda bafuni kuwakagua sisimizi. Wiki ya kwanza walikuwepo. Baadaye wakapungua. Siku moja nikachutama, nikangoja, nikainama kutafuta hata mmoja. Hakuna. Nililia pale pale bafuni. Muuguzi aliniambia sisimizi si kipimo, kipimo ni kile kimashine, na kweli siku hizi sikosi kuja kutobolewa. Lakini walionishawishi ni wao.

Kiu iliondoka. Usingizi ukarudi. Mguu ulipopona nikaanza kutembea hadi mtoni kila asubuhi, na viatu vya kufunika, nimevikung'uta kwanza. Siku niliyovuka tena peke yangu, nilifika katikati ya mto na kibofu kimetulia. Niliimba kwa sauti, na sijui kuimba.

Ng'ambo nikakuta migomba imepandwa, mstari mzima, tayari ina majani. Rehema alipanda wakati mimi niko kitandani. Nikasema, ehe, nilijua tu! Nikaenda kwenye kisiki cha mkuyu, nikahesabu hatua. Arobaini na nne. Nikasema labda hatua zangu zimefupika kwa kukosa kidole. Nikapima tena nikizirefusha. Arobaini na mbili. Migomba ilikuwa imeingia upande wake.

Rehema alikuwa ameketi kivulini na sufuria, ananitazama. "Umemaliza kupima?"

"Nimemaliza. Wifi, nisamehe."

"Njoo ule." Akafunua, samaki wa kuchemsha na mchicha. Akachukua kijiko aonje yeye kwanza. Nikamshika mkono, nikala mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Rehema yule pale nyuma anaficha uso. Sitawaambia mwache kushuku. Shukuni kiu isiyoisha. Shukuni nyayo zenu, zitazameni kila jioni. Shukuni chochote kitamu mnachojiambia ni salama, na mje mpimwe mapema, kabla hamjanusa nyama yenu ikiungua.

Lile sanduku la sukari bado lipo. Ufunguo anao Rehema, na nimemwambia hata nikimlilia asinifungulie, maana huyu Mama Maro simwamini.