Alama Nilizompa

"Sasa bosi, tano anapewa nani?"

Mdodosaji wangu aliniuliza hivyo akiwa ameshika fomu ya tathmini niliyomjazia, miwani imemshuka puani. Nilikuwa na shahada na miezi saba tu katika kampuni ya ushauri, na nilikuwa msimamizi wa mtu wa rika la baba yangu. Asubuhi nilimwamkia shikamoo. Mchana nikampima, moja hadi tano.

Ofisi yetu Ifakara ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Makao makuu yalikuwa Dar es Salaam, na kila barua pepe iliyotoka huko iliisha kwa kutukumbusha kwamba sisi ni familia moja. Niliyachukia maneno hayo. Familia gani inawapa watu mikataba ya miezi mitatu mitatu? Yeye alikuwa amesaini mikataba ya namna hiyo kwa miaka sita, akiwahoji wakulima wa mpunga kwa niaba ya watu wasiowahi kukanyaga tope. Mwaka ule ilitangazwa kwamba mdodosaji atakayepata wastani wa nne ataajiriwa moja kwa moja.

Kazi nilifundishwa na yeye. Wiki yangu ya kwanza, kule Mchombe, niligonga milango kumi na moja, na mara kumi na moja nikaandika kwenye kishikwambi: hakuna mtu.

"Bosi, mpunga hauvunwi sebuleni," alisema, akanipakia kwenye pikipiki mpaka mashambani. Watu walikuwa wamehamia madunguni, vibanda vya juu ya miti wanamokaa msimu mzima wakiwinga ndege. Aliwasalimia kwa Kindamba, akataniwa, akatania. Walijibu maswali yangu yote kwa sababu yake.

Hata hivyo, nilipojaza fomu niliapa kutokuwa mnafiki. Uhusiano na wakulima: nne. Utunzaji wa vifaa: nne. Kuandika ripoti kwa Kiingereza: mbili, maana ripoti zake niliziandika upya mimi. Kujiendeleza kielimu: tatu. Nilijiona mkweli. Nchi hii, nilijiambia, imechoka kupeana alama kwa kujuana.

"Hata kwa wakulima, nne?" aliuliza.

"Kila mtu ana nafasi ya kuboresha," nilisema. Maneno ya semina.

"Basi tano ni ya Mungu," alisema. "Ingawa na yeye mvua ya mwaka huu kazidisha."

Akacheka peke yake, akasaini.

Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya walioajiriwa, na mkataba wake haukuongezwa. Alirudisha kishikwambi kikiwa kimefutwa vumbi, waya wa chaji umekunjwa na kufungwa kwa kipande cha kitenge. Nilimwambia nitaandika Dar.

"Usijisumbue, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kutoniita bosi. Akarudi kwao Lupiro kulima. Niliandika kweli, nikajibiwa kwamba alama zile nilizitoa mimi mwenyewe.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka nilimsimulia msimamizi wa kituo kingine. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekunywa maji ya kunawa.

"Dada, wewe ile fomu uliiamini? Mimi wangu wote niliwapa tano."

"Hata wasiostahili?"

"Wana watoto," alisema, akaendelea kula.

Mpaka leo sijui kama alikosea. Nimejaribu kubishana naye kichwani mara nyingi, na kila mara nina hoja nzuri kuliko yake. Lakini watu wake wapo kazini, na wangu nilikuwa nasikia tu habari zake kwa waendesha pikipiki waliovuka kutoka Lupiro: mara mto umechukua shamba, mara ameuza pikipiki. Sikuwahi kwenda kumwona. Ningemwambia nini?

Miaka mitatu baadaye nilihamishiwa Dar, nikapimwa na mimi. Fomu ilikuwa ileile. Bosi wangu mpya alinisomea alama zangu, kisha, kabla ya kunipa kalamu, akaigeuza karatasi. Nyuma, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, iliandikwa kwamba mfanyakazi asiyekubaliana na alama zake ana siku saba za kukata rufaa, na kwamba ni wajibu wa msimamizi kumweleza hivyo kwa lugha anayoielewa kabla hajasaini.